Mafungu ya Kiingereza ya Adela

Siku hizo Adela alikuwa hatulii. Alfajiri alifagia uwanja. Kulipokucha akaufagia tena, na uwanja wenyewe haukuwa na hata jani moja. Alibandika maji ya uji, kisha akaenda kuangalia kuku. Aliporudi maji yalikuwa yamekauka na sufuria inanuka.

"Mama Oliva," mumewe aliita kutoka barazani, "leo tunakunywa uji au tunakunywa moshi?"

"Uji unakuja, baba Oliva."

"Unatokea wapi? Mbinga?"

Adela alimimina maji mengine huku midomo yake ikichezacheza. Alikuwa anakariri Kiingereza.

Nyumba yao ilikuwa mtaa wa Mjimwema, mjini Songea. Adela na mumewe, Dastan, walikutana kazini, kwenye ghala la tumbaku. Dastan alikuwa mpimaji wa mizani. Adela alikuwa mchambuzi. Kazi yake ilikuwa kulishika jani, kulitazama rangi, kulinusa, kisha kulitupa kwenye fungu la daraja lake. Alikuwa hodari. Wenzake walisema Adela anaweza kuchambua tumbaku akiwa amefumba macho.

Baadaye mambo yakageuka. Wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua mazao. Wakaja na malori yao, mizani yao na watu wao. Ghala la zamani likapunguza wafanyakazi, na Dastan na Adela wakawa miongoni mwa waliopunguzwa. Tangu hapo Dastan alikuwa na jambo moja tu kichwani, nalo ni Tunduru. Huko kulikuwa na mawe ya thamani. Rafiki yake Salum, mwenyeji wa huko, alimwahidi chumba cha kuanzia na mahali pa kuchimba.

Adela hakutaka kusikia habari za mashimo. Yeye alitaka kuwa mkunga msaidizi. Alitamani kazi hiyo tangu siku alipojifungua mtoto wake wa pili. Uchungu ulikuwa mkali, na mama mmoja mwenye gauni la kijani alimshika mkono hadi mwisho. Adela hakumjua jina, lakini hakumsahau.

Nje ya mji kulikuwa na chuo kidogo cha misheni. Kilichukua wanawake waliomaliza darasa la saba, lakini kwanza walifanya mtihani wa Kiingereza, kwa sababu maelezo ya dawa yameandikwa kwa Kiingereza. Chuo hakikuchukua mtu aliyezidi umri wa miaka thelathini na mitano. Mtihani haukuja kila mwaka. Huu ukimpita, Adela angekuwa amezidi umri.

"Basi tukubaliane," Dastan alikuwa amemwambia. "Ukipita, tunabaki Songea. Ukishindwa, tunafunga mizigo twende Tunduru, wote, na sitaki kusikia neno."

"Sawa," Adela alisema. Alisema sawa kwa sababu alichoka kubishana. Lakini tangu siku hiyo usingizi wake ukawa wa kuibia.

Sasa sikilizeni alivyojifunza.

Alikwenda darasa la jioni kwenye ukumbi wa parokia. Huko aliambiwa kwamba katika mtihani watapewa sentensi. Kila sentensi itakuwa na neno moja lililopigiwa mstari, na wao wataeleza neno hilo ni la aina gani. Je, ni nomino, yaani jina la mtu au kitu? Ni kitenzi, neno la kutaja tendo? Ni kivumishi, linaloeleza kitu kilivyo? Au ni kielezi, linaloeleza tendo lilivyofanyika?

Adela alifurahi sana. Kumbe ni kuchambua tu! Alikata karatasi vipande vidogo. Kwenye kila kipande akaandika neno moja la Kiingereza. Akavitunga vipande kwenye uzi, nomino na nomino, vitenzi na vitenzi. Halafu akavifunga mafungu na kuyaning'iniza juu ya mafiga, kwenye boriti la jiko, kama tumbaku inavyoning'inizwa kwenye bani, banda la kuikaushia. Kila alipokoroga ugali alitazama juu na kukariri.

"Jirani," Dastan alimwambia mtu aliyekuja kuazima jembe, "usishangae. Mke wangu anakausha Kiingereza."

Kisha likaja jaribio. Mwalimu wao, Mwamvua, aliwapa sentensi za kujipima. Adela alimaliza wa kwanza. Alitoka nje kifua mbele. Siku ya kurudishiwa karatasi alikuta imejaa mistari myekundu. Alikosa karibu zote.

Alitembea hadi nyumbani bila kumsalimu mtu. Wanawake wawili walimwita njiani, hakusikia. Alipofika aliingia jikoni, akatoka, akaingia tena.

"Vipi?" Dastan aliuliza.

"Hakuna kitu."

Dastan alimtazama. Jioni hiyo alishusha godoro la wageni na kulifunga kamba. Adela aliona, akaogopa.

Kesho yake Mwalimu Mwamvua alikuja mwenyewe. Alikuwa mama wa makamo, Myao wa Tunduru, aliyehamia Songea baada ya kuolewa. Alivaa ushungi mweupe na alikuwa mwepesi wa kucheka.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Mama Oliva, nimekuja kuuliza. Mbona unajua maneno mengi kuliko wenzako wote, halafu unakosa? Unasomaje, mwanangu?"

Adela aliona aibu, lakini alimpeleka jikoni akamwonyesha mafungu yake. Mwamvua alitazama juu. Alitazama tena. Kisha alishika kiuno akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Subhana'llah! Umeyachambua!"

"Ndiyo, mwalimu. Hili hapa daraja la nomino. Hili vitenzi."

"Haya. Nishushie neno *water*."

Adela alilishusha upesi. Alilitoa kwenye fungu la nomino. "*Water* ni maji. Maji ni kitu. Ni nomino."

"Na kwenye jaribio niliandika nini? *The women water the maize.* Maana yake?"

Adela alikunja uso. "Wanawake... maji... mahindi?"

"Wanawake wanayafanyia nini mahindi?"

"Wanayamwagilia."

"Kumwagilia ni kitu au ni tendo?"

Hasira ilimpanda Adela. "Lakini mwalimu, neno ni lile lile! Jani la daraja la kwanza ni la daraja la kwanza. Ukilipeleka Dar es Salaam ni la kwanza. Ukilipeleka Ulaya ni la kwanza. Haligeuki kwa sababu limelala karibu na jani jingine!"

"Hilo ni jani," Mwamvua alisema taratibu. "Neno si jani. Kiswahili chetu kina huruma. Tunasema pika, mpishi, mapishi. Neno linakuja limevaa sare ya kazi yake. Kiingereza mara nyingi kinavaa shati lile lile shambani na kanisani. Huwezi kukijua kwa shati."

"Nitakijua kwa nini, basi?"

Mwamvua alifikiri. "Jumapili utakuwa kwa Lidwina?"

"Kwenye kipaimara cha mwanawe? Nitakuwepo. Nimepangiwa kugawa togwa."

"Basi tutaonana huko. Wewe njoo na macho yako tu."

Jumapili, baada ya misa, uwanja wa Lidwina ulijaa watu. Lidwina alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, na shughuli zake hazikuwa ndogo. Moshi ulipanda. Sufuria kubwa zilichemka. Kama ilivyo kawaida, kila mtu alikuwa amepewa kazi. Adela aligawa togwa, lakini mawazo yake hayakuwa hapo. Alimmwagia mzee mmoja kwenye suruali, akaomba radhi, akammwagia na wa pili.

Mwamvua alimvuta pembeni. "Yule anayepasua kuni ni nani?"

"Otto. Fundi cherehani."

"Kwa hiyo yule ni fundi."

"Ndiyo."

"Basi mpelekee suruali akushonee."

"Sasa hivi? Mwalimu, si unaona ana shoka mkononi?"

"Mbona umesema ni fundi?"

"Ni fundi kule dukani kwake. Hapa leo ni mpasua kuni."

"Na yule anayepakua pilau?"

"Mwalimu mkuu wa shule ya msingi."

"Utamwomba akupe chaki?"

Adela alianza kucheka. "Nitamwomba nyama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hapa ndiye anayepakua."

Mwamvua hakucheka. Alimshika mkono. "Hukuangalia jina lake wala kwao. Umeangalia amesimama wapi na anafanya nini. Ukitaka kujua kazi ya mtu kwenye shughuli, unatazama shughuli nzima. Sentensi ni shughuli. *Water* akiwa nyumbani unaweza kumwita maji. Akiingia kwenye sentensi, uliza: hapa leo amepewa kazi gani?"

Adela alisimama na ndoo yake ya togwa. Watu walimwita, "Mama Oliva, huku tunakauka!" Hakuwasikia. Alikuwa anamtazama Otto na shoka lake.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "kosa langu ni kulifunga neno kabla halijaingia kazini."

"Hilo tu. Kamusi yenyewe inakuambia neno linaweza kufanya kazi zipi. Sentensi ndiyo inayokuambia leo linafanya ipi."

Jioni hiyo hiyo, Adela aliyateremsha mafungu yote. Dastan alikaa mlangoni akimtazama.

"Umekata tamaa?"

"Nawasha moto."

Akavitia vipande vya karatasi kwenye mafiga, akapuliza. Maharage ya siku hiyo yaliiva kwa nomino na vitenzi. Moyo ulimwuma kidogo, kwa sababu ilikuwa kazi ya wiki nyingi. Lakini hakuyaonea huruma.

Tangu hapo Mwamvua alikuja kila alipopata nafasi. Walikaa barazani. Yaani Mwamvua alikaa, Adela alisimama, akatembea, akaegemea nguzo, akarudi.

"Unanizungusha kichwa, mwanangu. Soma hii. *The cook is late.*"

"Mpishi amechelewa. *Cook*..." Adela alitaka kusema kitenzi, akajizuia. "Ngoja. Nani amechelewa? *Cook*. Anatajwa mtu. Nomino."

"Mbele yake kuna nini?"

"Kuna *the*."

"*The*, *a* na *my* ni kama mpiga hodi. Ukiyaona, jua nomino iko njiani. Inaweza kuwa imetanguliwa na kivumishi, lakini inakuja. Haya. *We cook beans.*"

"Tunapika maharage. Nani? *We*, sisi. Tunafanya nini? *Cook*. Sasa ni kitenzi."

"Vizuri. *The women will clean the room.*"

"Wanawake watasafisha chumba. *Clean* ni kitenzi. Kuna *will* mbele yake."

"Ukiona *will*, *can* au *must*, tafuta kitenzi. Kiko karibu. Na hii? *Clean water is good.*"

Adela alitembea hadi kwenye ngazi akarudi. "Maji safi ni mazuri. Kinachozungumzwa ni maji. *Clean* inaeleza maji yalivyo. Kivumishi!"

"Mwisho. *They work hard.*"

"Wanafanya kazi kwa bidii. *Hard*... inaeleza watu?"

"Inaeleza watu, au inaeleza wanavyofanya kazi?"

"Wanavyofanya kazi. Inaeleza tendo." Adela alipiga makofi. "Kielezi!"

Dastan alikuwa anatengeneza mpini wa jembe pembeni. Bila kuinua kichwa akasema, "Na *hard work*, je? Kazi ngumu?"

Wanawake wote wawili waligeuka.

"Mimi nasikiliza tu," Dastan alisema. "Kwani masikio yanazuiwa?"

"Kivumishi," Adela alijibu. "Inaeleza kazi ilivyo. Baba Oliva, kumbe unapenda!"

"Sipendi chochote," Dastan alisema, akaendelea kuchonga.

Siku ya mtihani Adela aliamka mapema mno. Alivaa, akavua, akavaa gauni lile lile. Chuoni waliketi wanawake wengi, wengine wasichana wadogo kabisa. Adela alisoma sentensi ya kwanza, akaijibu. Ya pili, akaijibu. Ya tatu ilimsimamisha.

*The midwife will soothe the mother.*

Neno lililopigiwa mstari lilikuwa *soothe*. Adela hakuwahi kuliona maishani mwake. Halikuwa kwenye fungu lolote lililochomwa. Aliona godoro lililofungwa kamba. Aliona barabara ya Tunduru, vumbi, mashimo, watoto wamekaa juu ya mizigo. Alitaka kusimama aondoke.

Kisha akajiambia, usilitazame neno. Itazame shughuli nzima.

*The midwife*, mkunga. Huyo ndiye mtendaji. *Will*. Baada ya *will* kinatafutwa kitenzi. *The mother*, mama. Huyo anatendewa. Katikati yao kuna neno moja tu. Mkunga atamfanyia mama jambo. Jambo gani, Adela hakujua siku hiyo; baadaye ndipo Mwamvua alimwambia ni kumtuliza. Lakini kazi ya neno aliijua. Aliandika: kitenzi.

Aliporudi nyumbani alimkuta Dastan mlangoni.

"Ilikuwaje?"

"Sijui. Niache kwanza."

Wiki za kungoja zilikuwa mbaya kuliko za kusoma. Salum alituma salamu kwamba lori lake litapita Songea, na kama wanakuja wawe tayari. Dastan alifunga sufuria. Alifunga mikeka. Adela alifungua sufuria apike, Dastan akazifunga tena. Hawakugombana, lakini nyumba nzima ilikuwa kama ina kiroboto.

Hatimaye Sista mkuu wa chuo akaja kwenye ukumbi wa parokia kutangaza waliopita. Watu wakaingia. Adela hakuingia. Alibaki nje, akienda hadi kwenye kisima na kurudi. Kwenye kisima, kurudi. Alisikia makofi ndani. Alisikia vigelegele vya mtu mwingine. Alijiambia, basi, imekwisha, mwanamke wewe, kafunge virago.

Mwamvua alitoka mbio, ushungi umemteleza.

"Wewe! Unaitwa!"

"Nani ananiita?"

"Sista amekuita mara mbili! Anauliza kama upo, la sivyo nafasi anampa mwingine!"

Adela alikimbia. Kiatu kimoja kilibaki mlangoni. Aliingia ukumbini akihema, watu wote wakageuka.

"Nipo!" alipiga kelele. "Sista, nipo!"

Nyumbani Dastan alikuwa ameketi juu ya mizigo na watoto. Alimtazama mkewe akija na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, analia. Hakujua ni kilio gani.

"Sema, mama Oliva."

"Nimepita."

Ile safari ilikuwa imemkaa Dastan rohoni, na si uongo kusema kwamba ilimwuma. Alipiga magoti akaanza kufungua kamba ya godoro. Fundo lilikuwa gumu, akalivuta kwa meno.

"Baba," Oliva aliuliza, "hatuendi tena Tunduru?"

"Hatuendi. Mama yenu anaenda chuo." Aligeuza uso wasiuone. "Nileteeni sufuria hizo. Leo napika mimi."

Adela alianza masomo. Dastan alichukua shamba la kaka yake kule Bombambili, akalima mahindi, na jioni aliwapikia watoto. Ugali wake mwanzoni ulikuwa na mabonge. Watoto walilalamika, wakazoea.

Mwezi wa nne wa masomo, wanafunzi walipelekwa wodini. Mtoto mmoja mchanga alikuwa na homa, na muuguzi aliwaambia Adela na mwenzake wamwandalie dawa ya maji. Mwenzake alifungua chupa, akaanza kuiinamisha kwenye kijiko.

"Ngoja," Adela alisema. Alisoma maandishi ya kwenye chupa kwa sauti ndogo. *Shake the bottle before use.* Neno la kwanza hakulijua. Alisoma tena, sentensi nzima.

"Dada," alimwita muuguzi, "hapa kuna kitu tunatakiwa kuifanyia chupa kabla ya kutumia dawa. Neno lenyewe silijui, lakini ni kitenzi. Tuifanyeje?"

Muuguzi alikuja akasoma. "Itikiseni. Dawa yenyewe hutuama chini. Msipotikisa, wa kwanza atakunywa maji matupu, na wa mwisho atakunywa dawa yote."

Mwenzake aliifunga chupa haraka. Mama wa mtoto alikuwa anawatazama wote watatu kwa wasiwasi.

"Kuna nini, dada?" aliuliza. "Kuna ubaya?"

"Hakuna ubaya, mama," Adela alisema. Aliitikisa chupa vizuri, akapima kijiko, akaketi kando ya kitanda. Kwa mkono mmoja alimnywesha mtoto. Kwa mkono wa pili alimshika yule mama mkono.